Pumzi Chini ya Kiti cha Ta Aristides

"Wako watatu," Ma Immakulata aliniambia, akitua ndoo yake kando ya bomba. "Zamani walikuwa sita. Watatu wamekufa kwa kazi."

"Kina nani, Ma?"

"Misukule ya Aristides, mwanangu. Anawaweka chini ya kiti cha lile trekta lake. Unafikiri linatembeaje bila petroli? Umewahi kuona linatoa moshi? Umewahi kulisikia likinguruma?"

Nikasema sijawahi.

"Basi. Mimi nimewasikia kwa masikio haya wakihema. Mchana kweupe! Nilipita nyuma ya banda lake kutafuta kuku wangu, nikasikia hee, hee, hee, kama watu waliopanda mlima na mizigo. Nikachungulia. Kafunua kiti, anawanywesha maji kwa kibirika, mmoja mmoja, na anawasemesha. 'Kunywa taratibu,' anamwambia mmoja. Maawe! Kuku nilimwacha hukohuko."

Wanawake wawili waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walicheka, ila mmoja alikatiza kicheko chake katikati akatazama chini. Ma Immakulata hakucheka. Aliniinamia sikioni, nikasikia harufu ya buni aliyokuwa akitafuna.

"Na mmoja wao ni Clotilda, binti yake mwenyewe. Unadhani tulizika nini siku ile? Tulizika mgomba. Wewe una mtoto mchanga, na umepakana naye. Usipokee kitu kutoka nyumba ile. Na yule mtoto wa Clotilda, usimbebe."

Ilikuwa mwaka 1987, mwaka wangu wa pili Buhembe. Mimi ni mtu wa Ngenge, huko Muleba ndani, nilikomaliza darasa la saba. Hapa nililetwa na ndoa. Mume wangu Yoeli alikuwa akinunua dagaa kwenye visiwa vya Muleba na kuwauza Bukoba mjini, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwezi nyumbani tulikuwa wawili, mimi na binti yangu Kemilembe wa miezi mitano. Kibanja chetu na cha Ta Aristides vilitenganishwa na mstari mmoja tu wa mimea ya mpaka. Nilikuwa namsikia akikohoa, akiimba nyimbo za kanisani, akigombana na mbuzi wake. Lakini trekta kweli sikuwahi kulisikia. Unaweza kuwa umeinama unapalilia maharage, ukainua kichwa, kumbe mtu amekaa juu ya trekta hatua kumi tu kutoka ulipo, anakusalimia.

Siku hizo watu kuzungumza habari za wafu haikuwa ajabu. Ule ugonjwa wa Ukimwi, tuliokuwa tukiuita Juliana, ulikuwa umeingia karibu kila nyumba. Kati ya migomba makaburi mapya yalipakana kama matuta ya viazi. Clotilda alikuwa akifanya biashara ya mpakani, Mutukula, akarudi kwa baba yake na mimba, na vidonda mdomoni. Alijifungua mtoto wa kike, wakambatiza Getruda. Majuma matatu baadaye tulimzika Clotilda. Mimi nilikuwepo. Nilimwona usoni kabla ya jeneza kufungwa. Haukuwa mgomba.

Baada ya mazishi Ta Aristides alikwenda kwa wanawake wawili wanaonyonyesha kuwaomba wamsaidie mtoto. Wa kwanza alisema maziwa yake hayamtoshi hata wa kwake. Wa pili aliifunga kanga juu ya kifua, akakaza fundo, akaingia ndani. Kwangu hakuja. Nilishukuru kwamba hakuja, na shukrani ile mpaka leo inanitia aibu.

Siku mbili baada ya maneno ya bombani nilikwenda kwake. Nilisingizia kwamba nataka kuazima ungo.

Milango miwili ya mabati ya banda ilikuwa wazi kabisa. Trekta lilikuwa ndani, dogo, kimo cha ndama, rangi yake ya chungwa imefifia mpaka inafanana na udongo. Kutoka ukutani ulikuja waya mnene mweusi, umeungwa sehemu nyingi kwa utepe, ukaingia ubavuni mwa trekta. Mbele yake palikuwa na gurudumu lenye visu, linazungushwa na mkanda wa mpira uliotoka kwenye mota ya trekta, na Ta Aristides alikuwa akililisha majani na vipande vya mgomba kwa mkono wa kushoto. Sauti haikuzidi ya nyuki ndani ya mzinga. Nyuma, ndani ya tela, juu ya nguo zilizokunjwa, mtoto Getruda alikuwa amelala.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kuwaona?"

"Kuwaona nani, Ta?"

"Wafanyakazi wangu. Immakulata hakukwambia? Basi sogea, hawaumi."

Alizima kiswichi, akafunua kiti. Chini palikuwa na betri tatu kubwa nyeusi, za lori. Alifungua vifuniko vidogo, akaniambia nitege sikio. Kweli zilikuwa zinahema. Maji yalikuwa yakitoa povu dogodogo bila moto, hee, hee, na harufu kali ilinipanda puani.

"Umeme ukiwaingia wanachemka," alisema. "Wakichemka wanakaukiwa, ndiyo maana nawanywesha. Maji ya mvua tu. Ya bomba yana chumvi, yanawaua."

"Na kuwasemesha?"

"Wewe humsemeshi Kemilembe? Amewahi kukujibu?"

Nilicheka, naye akacheka, mtoto akajigeuza kwenye tela akalala tena.

Habari ya trekta lile wazee wote walikuwa wanaijua, hata Ma Immakulata mwenyewe. Lililetwa na Bruda mmoja Mzungu kabla ya vita vya 1978, la kukatia majani kwenye uwanja wa misheni, kwa sababu hakupenda kelele wakati wa sala. Ta Aristides ndiye aliyekuwa mtunza bustani, akafundishwa kuliendesha na kulihudumia. Vita vilipoanza na ndege zikaja kudondosha mabomu, Bruda aliondoka, akamwachia trekta, pamoja na ule waya aliouvuta kutoka misheni mpaka kwenye banda. Watu walikuwa wanafunga mizigo kukimbilia Muleba. Yeye alilifunika trekta kwa majani makavu ya migomba, akachimba shimo kibanjani na kuzifukia betri zake, sita wakati ule, ili zisichukuliwe. Waliopita njiani na magodoro kichwani walimwona akiteremsha shimoni visanduku sita vyeusi vyenye mikono. Hapo ndipo hesabu ya Ma Immakulata ilipoanzia. Baada ya vita betri zile zilikufa moja moja, akatafuta hizi tatu za lori, nazo zilikuwa zimeshatumika.

Wiki ileile ya mabomu ukuta ulimwangukia begani. Tangu hapo mkono wake wa kulia haupandi juu ya kifua. Panga aliweza kulishika, ila kulinyanyua na kukata siku nzima hakuweza. Kazi hiyo aliliachia trekta.

"Lakini nao wamechoka," alisema, akipiga betri moja kwa kidole kama anayeonja uivu wa nanasi. "Zamani nilikuwa nawalisha umeme jioni, kesho wanashinda kazini. Sasa nikichomoa waya, hatua thelathini wamelala. Ndiyo nafanya kazi hukuhuku wakiwa wanakula. Bruda alinikataza. Aliweka hata kiswichi cha kuzuia mota isizunguke waya ukiwa umechomekwa. Nimekifunga kwa kipande cha waya."

"Kwa nini alikukataza, Ta?"

"Hii pumzi yao inashika moto. Ndiyo maana naacha milango wazi, upepo upite."

Wakati tunaongea alikuja bwana Bundala na mkokoteni. Huyu alikuwa mtunza ng'ombe wa misheni, Msukuma mwenye tumbo na sauti, asiyeweza kusema kwa sauti ndogo hata ndani ya kanisa.

"Mwangaluka, Mhaya wa umeme! Misukule yako leo wamegoma? Majani ya jana marefu kama ndevu za beberu. Ng'ombe wangu wana meno, hawana visu."

"Umeme ulichelewa kuja."

"Umeme ulichelewa! Kwetu mtu mwenye ng'ombe sita ni maskini, anaonewa huruma. Huku ng'ombe sita wanakatiwa chakula kwa mashine, na bado mashine inachelewa!"

Lakini kutoka kwenye mkokoteni alitoa chupa ya bia iliyojaa maziwa, imezibwa kwa gunzi, akaiweka taratibu kando ya mtoto. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yao. Ta Aristides anawakatakatia ng'ombe wa misheni majani. Bundala anamletea chupa moja asubuhi, moja jioni. Alipokuwa anapakia, Bundala alisema bila kucheka safari hii, "Mzee, sikufichi. Majani yakikosekana, itabidi nitafute wenye mapanga, na maziwa yatakuwa yao. Mimi si mwenye ng'ombe."

Ta Aristides alisubiri mkokoteni uondoke.

"Chupa mbili," aliniambia. "Hizi betri zikifa, mwanangu, na mtoto naye..." Akaniletea ungo ambao nilikuwa nimeshausahau.

Nilirudi nyumbani na ungo ule. Bombani sikusema kwamba nimewaona wanaohema. Nilinyamaza, nikafikiri kunyamaza kunatosha.

Sasa nieleze jambo la misiba, maana ndilo lililomwangusha.

Kwetu maiti ikiwa haijazikwa, jembe halishikwi kijijini, wala panga halikati. Unakwenda msibani, unakaa na wenzako kwenye majani yaliyotandikwa, unarudi usiku unalala. Anayefanya kazi wakati wenzake wanalia, huyo anahesabiwa kwamba amefurahi. Mama yangu alinisimulia kwamba zamani desturi hiyo haikumchosha mtu. Misiba ilikuwa mitatu kwa mwaka, labda minne. Agosti ile Buhembe tulizika watu watano. Ukitoka kumzika mmoja, unaambiwa mwingine ameletwa kutoka hospitali. Maharage yaliharibikia shambani. Kahawa ilidondoka ikaozea chini. Kila mtu aliona, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusema tupunguze, kwa sababu wa kwanza kusema ndiye ambaye kesho angekuwa na maiti ndani.

"Ng'ombe hawana msiba," Bundala alikuwa akilalamika njiani. "Nani atamwambia ng'ombe asile mpaka Alhamisi?"

Jumatatu alizikwa bibi mmoja wa upande wa misheni. Jumanne asubuhi akaletwa mwalimu Datius, kijana wa mzee Apolinary, mtu mpole aliyekuwa akiwafundisha watoto hesabu kwa kokwa. Mazishi yakapangwa Alhamisi, kungojea ndugu zake kutoka Mwanza. Jumatano mchana nilikuwa msibani na wanawake wengine. Ta Aristides alikuwa upande wa wanaume, Getruda mapajani mwake. Nilimwona akichovya kidole kwenye kikombe cha uji mwembamba na kumlambisha. Nikahesabu: tangu Jumapili hakuna majani yaliyokatwa, maana yake tangu juzi hakuna chupa. Mtoto alikuwa akigeuza uso kila kidole kilipofika. Mdomo wake ulikuwa mkavu, na pale utosini palikuwa pamebonyea.

Saa nane hivi alinyanyuka na mtoto, akasema anakwenda kumbadilisha nguo. Hakurudi.

Mimi nami Kemilembe alikuwa analia kwa joto, nikaaga kwamba nakwenda kumlaza. Nilipofika mpakani nikasikia nyuki wale wa mota. Niliitazama njia yote mpaka kwa Apolinary, haikuwa na mtu. Banda la Ta Aristides lilikuwa limefungwa, milango yote miwili, na chini ya mlango kumesukumiwa magunia. Getruda alikuwa nje, kwenye beseni, chini ya kivuli cha mgomba.

Nilisogea nikagonga kwa vidole. "Ta, ni wewe?"

Nyuki wakanyamaza. "Nani?"

"Mimi, jirani."

"Rudi nyumbani, mwanangu. Hujaniona."

"Fungua hata mlango mmoja, Ta. Si ulisema upepo upite?"

"Wataona majani yanaruka. Bundala amesema akipata mkokoteni mmoja tu leo, chupa ataleta jioni. Nenda. Bado kidogo."

Ningesema tena. Ningeuvuta mlango mwenyewe, haukuwa na kufuli. Lakini Kemilembe alianza kupiga kelele mgongoni, nami niliogopa watu wa msibani wasije wakanikuta pale, nikaonekana na mimi ninafanya kazi. Nikageuka. Nyuki wakaanza tena. Sikufika hata kwenye mimea ya mpaka.

Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa kama wa bomu. Ulikuwa kama tairi la lori linapopasuka. Mlango mmoja ulifunguka wenyewe, ukatoka moshi mweupe, na ndani yake akatoka Ta Aristides amejishika uso, anatembea upande kama kaa. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema tu, "Maji. Maji."

Nilimshika mkono nikamsukuma kichwa ndani ya pipa la mvua. Akatoka, nikamrudisha. Shati lake lilikuwa linatoboka mbele ya macho yangu, vitundu vidogovidogo, kama linaliwa na mchwa. Nilimmwagia usoni kwa viganja mpaka mikono yangu ikaanza kuwasha. Wakati wote huo Getruda alikuwa analia kwenye beseni, kilio chembamba. Sikumwinua. Nilijiambia kwamba mikono yangu ina maji ya betri. Baadaye nilipoinawa kwa sabuni, ikatakata, bado sikumwinua.

Watu walikuja mbio kutoka msibani, wanaume mbele. Ma Immakulata alifika akihema, akaona kiti cha trekta kimetupwa ukutani na betri moja imepasuka katikati, wazi.

"Wametoka!" alipiga yowe. "Wamepasua, wametoka! Shikeni watoto!"

Watoto walikimbia, na baadhi ya wakubwa nao. Lakini balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Ndyamukama, hakuangalia betri. Aliinama akaokota ganda la mgomba lililokatwakatwa, bichi, linatoa utomvu. Akalitazama muda mrefu.

"Aristides. Ulikuwa unafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Mtoto wa Apolinary yuko ndani, hajafunikwa udongo."

"Ndiyo, Balozi."

"Na milango ulifunga."

"Nilifunga."

"Kwa hiyo ulijua."

Maji yalikuwa yanamtiririka Ta Aristides kwenye ndevu, jicho moja limevimba limeziba. Mzee Apolinary alikuwepo, mwenye maiti, amesimama na fimbo yake. Sote tulimtazama yeye. Kama angesema, "Mwacheni, alimtafutia mtoto maziwa," yangekwisha palepale. Akageuka kurudi kwa mwanawe.

Baada ya mazishi wazee waliamua. Hawakumpiga wala kumtoza kitu. Walisema tu kwamba kuanzia siku ile Aristides asije msibani kwa mtu, na kwake watu hawatakwenda. Mtu wa kwingine anaweza kuona hiyo ni adhabu nyepesi. Nami nilipokuwa nimekaa pale, Kemilembe ananyonya, nilielewa maana yake: yule mtoto akifa, babu yake atachimba kaburi peke yake, kwa mkono mmoja.

Trekta halikuhema tena. Betri mbili zilizobaki hazikuweza kitu bila ya tatu, na kisanduku cha kuchajia kilichokuwa ubavuni mwa trekta kiliungua. Bundala alikuja kutazama. Safari hii hakutania. Alisema amepewa vijana wawili wenye mapanga. Alileta chupa siku tatu, kutoka kwenye fungu lake mwenyewe, akiificha ndani ya koti. Siku ya nne alikuja mikono mitupu, akasimama pale mlangoni akizungumza habari za mvua, akaondoka.

Ta Aristides alijaribu uji wa ulezi, akajaribu maji ya ndizi mbivu. Mtoto akaanza kuharisha. Nilijua yote hayo bila kuambiwa, kwa sababu ya kilio. Alikuwa akilia alfajiri, mchana, na jua likizama. Na mwili wangu haukuwa umeambiwa maneno ya Ma Immakulata. Kila Getruda alipolia upande wa pili wa mimea ile, maziwa yangu yalishuka. Yalilowanisha blauzi mbele, pande zote mbili, hata nikiwa nimetoka kumnyonyesha Kemilembe sasa hivi. Nilikuwa najifunga kanga mbili nikitoka kwenda bombani, watu wasione.

Yoeli alirudi Ijumaa ya wiki iliyofuata kutoka visiwani. Nilimpa chakula, nikangoja ale nusu, nikamwambia.

"Mtoto wa Juliana?" alisema. "Unataka kutuua humu ndani?"

"Wengine wanasema mtoto hana. Wengine wanasema hata akiwa nao—"

"Wengine akina nani? Wana cheti? Mke wangu, muogope Mungu. Una mtoto wako."

Alivua shati anawe, akanipa mgongo, na mimi bila kutaka nikajikuta nahesabu mbavu. Mwaka jana hazikuwa zikionekana. Huko visiwani wanaume hukaa miezi, na wanawake wanaokaanga samaki kule nao wametoka kwenye nyumba kama zetu zenye makaburi mapya. Sikumuuliza kitu. Jumapili asubuhi aliondoka tena na boti, na mimi nilibaki na swali ambalo sikuweza kumpelekea hata padri: nani hasa anapaswa kumwogopa mwenzake, mimi na mwanangu, au yule mtoto.

Jumapili hiyohiyo, watu wakiwa bado wanarudi kutoka misani, Ta Aristides alikuja. Hakuja mlangoni kwangu. Alisimama kwenye mpaka, upande wake, akaita taratibu, na mimi nilikwenda na Kemilembe mgongoni. Jicho moja lilikuwa limefungwa kitambaa. Ngozi ya shavu ilikuwa imechubuka ikaacha madoa mekundu na meupe. Alikuwa amemfunga Getruda kifuani kwa shuka, na mkononi ameshika vikombe viwili vya bati, kimoja cha bluu, kimoja cheupe.

"Kasinge, waitu," alisema, kama vile ametoka safari.

"Kasinge, Ta. Jicho linaendeleaje?"

"Linaona mwanga. Mwanangu, sikuja kukuomba ziwa. Nimewaza sana. Ziwa lako ni la Kemilembe, na mimi sijui mtoto huyu ana nini. Ningekuapia hana, ningekuwa mwongo, na uongo wangu wa banda umenitosha. Tazama. Kikombe hiki cha bluu ni chako, kipya, nimekinunua Miembeni jana, hakijagusa mdomo wa mtu. Ukamulie humo. Hiki cheupe ni chetu. Wewe utamimina kutoka juu, hapa mpakani, vikombe visigusane, na kila mtu atarudi na chake. Mume wako akiuliza, umwambie sijavuka mstari. Watu wakiuliza, umwambie kila mtu hivyohivyo."

Nilimtazama mtoto. Uso wake ulikuwa umeegemea shati lake, mdomo wazi kidogo.

"Tangu asubuhi hajalia," alisema Ta Aristides. "Usinijibu, waitu. Ukianza kunijibu utafikiri, na ukifikiri utakuwa na haki ya kukataa. Shika tu hiki cha bluu. Nitakupa mgongo. Ukimaliza, niite."